Kwenye Squid Game Nani Mwenye Kosa: Mchezaji au Mwenye Mchezo?

Mada hii ilitolewa kwenye mjadala wa vijana wa matawi ya Kariakoo, Gerezani na Jangwani, Februari 2025. Tumeiweka kama ilivyosomwa ukumbini.

 

Nilipoitwa kuzungumza hapa niliambiwa, "Dada, wewe unasoma sheria, tuletee kitu cha sheria." Nikasema sawa, nitawaletea Squid Game. Kuna mtu alicheka, akadhani natania. Sitanii. Toka msimu wa pili umetoka tarehe 26 Desemba, hapa Kariakoo huwezi kukaa kijiwe cha kahawa robo saa bila kusikia jina la Gi-hun. Ukipita Mtaa wa Kongo asubuhi, wauza viatu wanapanga mzigo huku wanabishana. Ukienda kwa wale jamaa wanaoingiza muvi kwenye flashi, foleni nzima ina wakili wa utetezi na mwendesha mashtaka. Mwenye Netflix kaona kwenye simu yake, asiye nayo kaona kwenye flashi, mwingine kaona kibanda umiza. Wote wamefika kwenye swali moja: katika mazingira yale, ungefanya nini?

Wapo watakaosema vijana wa upinzani wana mambo mazito ya kujadili, tamthilia ya Wakorea ya nini. Mimi naona ubishi ule ni wa maana kuliko mikutano mingi niliyohudhuria. Mji huu umebishania muvi tangu enzi za Lufufu akitusimulia kwa Kiswahili, na mtu akibishania muvi hasemi kile anachodhani anatakiwa kusema. Anasema anachoamini. Ukitaka kujua kijana wa Gerezani anaamini nini kuhusu usaliti, umaskini na uongozi, usimpe dodoso. Muulize Sang-woo ana kosa au hana.

Kwa ambao hamjaona, na wazee wangu, nieleze kwa ufupi. Watu 456 wenye madeni yaliyowashinda wanapelekwa kisiwani kucheza michezo ya watoto. Ukishindwa, unauawa. Kila anayekufa anaongeza pesa kwenye dau, na dau lote ni won bilioni 45.6. Wanaosimamia wamevaa vinyago. Na kuna kanuni moja ambayo ndiyo roho ya mada yangu: wengi wakipiga kura ya kuacha, mchezo unasimama. Ambaye hajamaliza anisamehe, leo nitamwaga mchele wote.

Nimechagua kesi tatu ambazo nimezisikia zikibishaniwa huku mtaani. Nitazisikiliza moja moja.

Kesi ya kwanza: Sang-woo na Ali

Hii ni ya msimu wa kwanza, mwaka 2021, lakini hadi leo haijapoa. Sang-woo ni msomi, fahari ya mtaa wao, kasoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Kachezea pesa za wateja, anatafutwa na polisi. Ali ni kibarua kutoka Pakistani, mwajiri wake kamkalia mishahara miezi sita. Anamwita Sang-woo kaka, kwa heshima. Kwenye mchezo wa gololi wanapangwa wawili wawili, na wawili ni lazima mmoja afe. Ali anashinda. Kashinda kihalali. Sang-woo anamlilia, anamwambia kuna njia wote wapone, anamchukulia mfuko wa gololi na kumrudishia mfuko wa kokoto. Ali anakwenda kuzunguka kama alivyoambiwa. Anafungua mfuko, anakuta kokoto. Anapigwa risasi.

Kijiweni kuna kambi mbili. Kambi moja inasema, "Yule ni nyoka, Ali alimwamini." Kambi ya pili inasema, "Acheni unafiki, ungekuwa wewe ungekufa? Kila mtu ale kwa urefu wa kamba yake."

Sasa niwape kesi ya kweli, ambayo kila anayesoma sheria ya jinai anakutana nayo mapema. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza iitwayo Mignonette ilizama baharini ikielekea Australia. Wanne waliingia kwenye kimtumbwi: Dudley, Stephens, Brooks, na kijana wa miaka 17 aitwaye Richard Parker. Walikuwa na makopo mawili ya mboga, wakabahatika kukamata kasa mmoja. Baada ya hapo, njaa na kiu. Karibu siku ya ishirini, Parker akiwa hoi, Dudley na Stephens wakamuua, wakala nyama yake. Brooks hakukubali mauaji yale, ingawa naye alikula. Siku chache baadaye meli ikawaokoa.

Walivyofika Uingereza walishitakiwa. Wakajitetea: bila hivyo tungekufa wote. Mahakama ikasema hapana, shida si ruhusa ya kuua asiye na hatia. Jaji Coleridge akauliza swali zito: nani apewe mamlaka ya kupima kwamba maisha ya fulani ndiyo ya kutolewa? Na kwa nini aliyechaguliwa alikuwa mdogo, mnyonge kuliko wote, asiyeweza kujitetea? Wakahukumiwa kifo. Halafu hukumu ikapunguzwa, wakafungwa miezi sita.

Angalieni hapo, kuna mambo mawili. Mahakama haikusema "ndivyo dunia ilivyo." Ilisema walichofanya ni mauaji. Lakini pia hawakunyongwa, maana waliopunguza adhabu walijua mtu mwenye njaa ya siku ishirini si sawa na jambazi wa barabarani. Kosa linabaki kuwa kosa, na mazingira yanaingia kwenye uzito wa adhabu. Kijiweni tunachanganya haya mawili. Anayemhurumia Sang-woo anadhani ni lazima aseme hana kosa. Anayemlaumu anadhani ni lazima asimhurumie.

Na kuna jambo la tatu, ambalo dada mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Sikukuu alilisema vizuri kuliko mhadhara wowote niliousikia. Alisema, "Mbona Gi-hun mnampenda, na yeye si alimdanganya yule babu?" Na ni kweli. Kwenye mchezo uleule, Gi-hun alimdanganya mzee ambaye alionekana anasahausahau. Tulimsamehe kwa sababu analia vizuri na ana uso wa mtu mwema. Sang-woo ana suti na digrii, kwa hiyo huyo nyoka. Makamanda, hiyo si haki. Kipimo kikiwa sura, leo utamsamehe rafiki yako na kesho utamsulubu usiyempenda kwa kosa lilelile.

Naigusa nyumbani sasa. Kati ya 2017 na 2020 tuliona wabunge na madiwani wa upinzani wakihama, mmoja baada ya mwingine, kwa wimbo wa "kuunga mkono juhudi". Uchaguzi mdogo ukawa kama mnada wa Jumapili. Wale wakubwa tuliwajadili hadi tukachoka. Lakini kila tawi lina habari zake ndogo: kijana aliyekuwa analala kwenye bendera, siku moja kaonekana na fulana ya upande wa pili. Tunamuita Sang-woo. Na wengine walikuwa Sang-woo kweli, walikuwa na kila kitu wakatuuzia kokoto. Lakini mwingine alikuwa na mama hospitali na sisi tulikuwa tunamtumia meseji za hamasa. Alikosea? Ndiyo, nasema alikosea, aliacha watu waliomwamini. Ila hukumu ya hawa wawili haiwezi kuwa moja.

Na tusimsahau Ji-yeong. Mchezo uleule, chumba kilekile, yule binti aliiachia gololi yake kwa makusudi ili Sae-byeok apone. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hakukuwa na njia nyingine. Njia ilikuwepo, bei yake ndiyo kubwa mno. Wewe na mimi hatuna haki ya kumdai mtu kufa kama Ji-yeong. Lakini tuna haki ya kumdai asimpe mwenzake kokoto.

Kesi ya pili: "Si walipiga kura wenyewe?"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi. Mtu anasema, "Wale walijitakia. Walisaini. Walipewa kura, wakachagua kuendelea." Na kweli, msimu wa kwanza, baada ya mchezo wa kwanza, walibaki 201. Wakapiga kura, 101 wakasema tuondoke, 100 wakasema tuendelee. Wakarudishwa makwao. Baada ya muda 187 wakarudi kwa miguu yao. Msimu wa pili ndiyo kabisa: wamebaki 365, kura 183 kwa 182, mchezo unaendelea. Na kura ya mwisho iliyoamua ilipigwa na nani? Na mwenye mchezo mwenyewe, kavaa namba 001, kakaa katikati ya wachezaji kama mwenzao.

Sheria yetu ina neno hapa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inasema makubaliano yanakuwa mkataba pale yanapofanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Ridhaa huru. Bunge halikusema ridhaa tu, likaongeza neno huru, kwa sababu mtu anaweza kusema "ndiyo" huku kashikwa koo. Na hata ridhaa ingekuwa huru kama upepo wa Coco Beach, lengo la mkataba likiwa kuuana, karatasi ile ni ya kufungia maandazi. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kuishi. Haijasema "isipokuwa wengi wakipiga kura."

Kwa hiyo kisheria, kura ya 183 kwa 182 haina uhai. Wale 182 hawakuweza kupoteza haki yao ya kuishi kwa sababu mwenzao mmoja kabonyeza kitufe.

Lakini tusiishie kwenye vifungu, tuulize kwa nini wale 187 walirudi. Kule nje kulikuwa na nini? Kulikuwa na wadai. Gi-hun alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, akapunguzwa kazi. Mwongozaji Hwang Dong-hyuk amesema alichukua hilo kwenye mgomo wa kweli wa kiwanda cha SsangYong, mwaka 2009, mji wa Pyeongtaek, ambako wafanyakazi walikaa ndani ya kiwanda siku 77 kupinga kupunguzwa. Yaani mchezo haukuanzia kisiwani. Ulianzia siku mtu alipoona milango yote imefungwa isipokuwa mmoja.

Hapa Kariakoo tunaujua mlango huo. Tunauita kausha damu. Mama lishe anachukua laki mbili asubuhi, anaanza kurejesha jioni hiyohiyo. Akishindwa siku tatu, wanakuja kubeba jiko, godoro, televisheni. Kuna ile mingine ya kwenye simu: unapakua programu, unaruhusu isome namba zako zote, ukichelewa siku mbili shemeji yako, bosi wako na mchungaji wako wanatumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli. Novemba mwaka jana Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Hizo ni zilizotajwa. Sasa mwambie yule mama, "Si ulikubali mwenyewe masharti?" Alikubali. Alibonyeza "nakubali" saa kumi na moja alfajiri akiwa na mtoto mwenye homa.

Ndiyo maana ninaposikia kijana wa chama hiki anasema "walijitakia wale," nastuka. Hiyo ndiyo hoja ya wenye vinyago. Ukiikubali kwenye tamthilia, umeshaikubali kwa mkopeshaji. Umeikubali pia kwa mwajiri anayemwambia msaidizi wa duka, "Mshahara ndiyo huo, hutaki acha."

Na kuhusu kura yenyewe. Sisemi Tanzania ni Squid Game, msije mkanifungulia kesi. Nasema kura ile inatufundisha kutofautisha. Wale wachezaji walipewa vitufe viwili: endelea, au ondoka urudi kwenye madeni yako. Hakukuwa na kitufe cha tatu, cha kubadili kanuni za mchezo. Wala hakuna aliyeruhusiwa kujua nani anahesabu. Tarehe 27 Novemba mwaka jana tulipiga kura ya serikali za mitaa. Wengi wa wagombea wetu walishaenguliwa kabla ya siku yenyewe, fomu ikawa na kosa hili na lile. Halafu ikatangazwa kwamba chama kimoja kimechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Watu wakatuambia, "Si mlishiriki? Si kulikuwa na kura?" Kulikuwa na kura, ndiyo. Kisiwani pia kulikuwa na kura. Swali letu ni nani anaandika kanuni, nani anahesabu, na kama aliyeshindwa jana anaweza kushinda kesho. Tukidai marekebisho, tunadai kitufe cha tatu.

Kesi ya tatu: Gi-hun chini ya kitanda

Hii ndiyo iliyonileta hapa hasa, kwa sababu inatuhusu sisi kama chama.

Msimu wa pili Gi-hun karudi kisiwani kwa hiari kuuvunja mchezo. Wamebaki watu 100, kura zimegawana 50 kwa 50. Usiku taa zikizimwa, wale wanaotaka kuendelea watawavamia wenzao wawaue, ili asubuhi wawe wengi. Gi-hun anajua. Ana mpango: yeye na kundi lake wajifiche chini ya vitanda, waache mauaji yafanyike, walinzi wakiingia kuzuia fujo, wanyang'anye bunduki na kupanda juu kwa wakubwa. Wenzake wanamuuliza: kwa hiyo tuwaache wenzetu wafe? Jibu lake ni kwamba nafasi ni hii tu.

Na wakafa. Watu waliopiga kura upande wake, waliomwamini, waliuawa gizani wakati yeye kalala chini ya kitanda anasubiri.

Kijiweni wengi wanamtetea. "Kamanda lazima afanye maamuzi magumu." "Huwezi kupika chipsi mayai bila kuvunja yai." Kijana mmoja dereva wa bodaboda, jirani na Msimbazi, alinibishia nusu saa nzima kwamba mapinduzi yoyote yana kafara. Nilimjibu kitu kimoja tu: kafara aliulizwa?

Hapo ndipo ninapotofautiana na Gi-hun. Ji-yeong alitoa maisha yake mwenyewe. Gi-hun alitoa ya wengine, bila kuwaambia. Angeweza kuwaamsha na kuwaambia: usiku huu tunavamiwa, mpango ni huu, hatari ni hii, nani yuko tayari? Pengine siri ingevuja. Pengine mpango ungeshindwa. Lakini mwisho wa siku ulishindwa vilevile, tena na watu wameshakufa. Na kumbukeni nani alikuwa pembeni yake akimsikiliza kwa makini: yuleyule 001, mwenye mchezo. Siku Gi-hun alipoanza kuhesabu watu kama namba, adui yake alikuwa ameshashinda bila kupiga risasi.

Makamanda, tunajua ninazungumzia nini. Likipangwa jambo la barabarani, anayewekwa mbele ni nani? Anayeshika bango ni nani? Mara nyingi ni kijana wa mtaani, hana kazi, hana ndugu mwenye cheo, hana hata kitambulisho mfukoni. Akikamatwa Ijumaa jioni, kiongozi aliyemhamasisha anaandika mtandaoni kwamba "tunalaani." Halafu Jumatatu tunajadili jambo jingine. Mama yake anabaki na sufuria ya uji mlangoni pa kituo cha polisi.

Siongelei mtu fulani, naongelea tabia. Kijana akiambiwa ukweli wa hatari, na akajua nani atamtafuta akikamatwa, kisha akasema "naenda," huyo ni mpiganaji. Asipoambiwa, tumemweka juu ya kitanda sisi tukaingia chini.

"Binadamu ndivyo alivyo"

Najua kuna mtu anajiandaa kuniuliza. Atasema, "Dada, hayo ya vitabuni. Shida ikibana binadamu ni mnyama, tamthilia imeonyesha ukweli."

Nijibu kwa jambo ambalo wengi wenu hapa mlilishuhudia, wengine mlikuwa na vumbi lake kwenye nguo. Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka hapahapa Kariakoo, na watu ndani yake. Kabla ya mitambo kufika, nani alianza kuchimba? Machinga. Wabeba mizigo. Wauza maji. Walichimba kwa mikono, kwa nyundo, kwa vipande vya nondo. Wengine waliingia kwenye matundu huku ukuta wa juu umening'inia. Hakuna aliyeuliza aliyefukiwa ana deni gani au kapiga kura wapi. Kwa juhudi za wananchi na vyombo vya uokoaji zaidi ya watu 80 walitolewa hai. Wengine hatukuwapata wakiwa hai, Mungu awarehemu.

Ule ulikuwa mchezo wa kufa na kupona kuliko ule wa Netflix. Na hawakuuana. Kwa nini? Si kwamba watu wa Kariakoo ni malaika. Asubuhi ileile walikuwa wanagombania wateja. Tofauti ni kwamba pale hapakuwa na mtu aliyeweka pesa juu ya kila maiti. Kisiwani kila anayekufa anakuongezea won milioni 100 kwenye dau. Kariakoo siku ile kila anayetolewa hai alikuwa faida ya wote. Watu walewale, ukibadilisha kanuni, wanafanya mambo mengine kabisa. Kwa hiyo anayesema "binadamu ndivyo alivyo" anamfichia siri aliyeandika kanuni.

Na jengo lile lenyewe, tusisahau, halikuanguka kwa sababu ya tabia ya binadamu kwa ujumla. Kuna aliyelijenga, kuna aliyelikagua au hakulikagua. Hapo pia kuna mchezaji na kuna mwenye mchezo.

Hukumu yangu, na kazi iliyobaki

Kwa hiyo nani mwenye kosa? Nasema wote wawili, lakini si kwa kosa moja. Sang-woo anajibu kwa Ali. Gi-hun anajibu kwa wale aliowaacha gizani. Mwenye mchezo anajibu kwa wote 456, na saini zao hazimsafishi hata kidogo. Tukimlaumu mchezaji peke yake, tumekuwa walinzi wenye vinyago. Tukimlaumu mwenye mchezo peke yake, tumejipa ruhusa ya kugawa kokoto.

Sasa, sikuja hapa kupigiwa makofi halafu tukanywe soda. Nina mapendekezo matatu, na naomba matawi haya matatu yayajadili kabla ya mwisho wa mwezi.

Moja. Kila tawi liwe na orodha ya wadhamini. Dhamana ya polisi haiuzwi, asiwadanganye mtu. Kinachotukwamisha ni mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Na mnajua baada ya Novemba hizo ofisi za mitaa ziko mikononi mwa nani. Barua ile ni haki ya mkazi yeyote, kwa hiyo tuziombe mapema, watu wakiwa huru na ofisi zikiwa wazi, tusisubiri mtu awe ndani saa nne usiku. Watu kumi kila tawi wanatosha kuanza. Wanafunzi wenzangu wa sheria wanne wameshakubali kusaidia kuwaelekeza ndugu wa aliyekamatwa.

Mbili. Tuanzishe kikoba cha vijana. Elfu mbili kwa wiki kwa mtu. Watu 50 ni laki moja kwa wiki, mwezi ni laki nne. Haitamaliza kausha damu Kariakoo. Lakini itamtoa mwenzetu mmoja kwenye mlango ule mmoja, na huyo mmoja hatakuwa na bei siku akija mtu na bahasha. Tukitaka watu wasituuze, tusiwaache peke yao na wadai wao.

Tatu. Hakuna kijana atakayepelekwa kwenye jambo lolote bila kuambiwa mapema hatari yake, nani yuko naye, na nani atapigiwa simu. Iandikwe kwenye muhtasari wa tawi. Kiongozi asiyeweza kusema hayo mbele ya vijana, jambo lake lisubiri.

Msimu wa tatu umetangazwa kutoka tarehe 27 Juni. Tutakaa kijiweni, tutabishana tena, na mimi nitakuwa wa kwanza kufika. Ila ifikapo siku hiyo nataka orodha ya wadhamini iwe na majina thelathini. Karatasi iko kwa katibu pale mlangoni, na kalamu ipo.